Nyumba Asimoketi

Mzee Kamba hakumpa mtu mbwa kabla ya kwenda kuketi nyumbani kwa mtu huyo alasiri nzima. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake, na miaka yote aliyofuga aliivunja mara moja tu.

Jina la Kamba alipewa na majirani kwa sababu hakuonekana barabarani bila ile kamba ya ngozi ya kumshikia mbwa, ameitundika shingoni kama mtu mwingine anavyotundika taulo akienda kuoga. Nguvu zake zote za ujana alizimalizia katika kampuni ya ulinzi, akiwa mshika mbwa. Alipostaafu alianza kufuga mwenyewe nyuma ya nyumba, mbegu moja tu: wale wenye mgongo mweusi, masikio ya kusimama na kiuno kilichoinama kidogo, ambao watu huwaita mbwa wa polisi.

Watu walimjia kwa sababu ya jina hilo. Walikuwa wamemwona mbwa wa namna hiyo kando ya askari, ametulia, na kila mmoja alijiona yeye ndiye askari. Mzee aliwasikiliza, akawauliza wanakaa wapi, kisha akaenda. Akifika aliomba kiti karibu na dirisha na kikombe cha chai, basi. Hakuuliza maswali. Aliangalia nani anatoka wa mwisho na nani anarudi wa kwanza, nani anamfokea nani, jua linapiga wapi uani, na mtoto akiangusha kitu anakimbilia kwa nani. Jioni alisimama, akashukuru kwa chai, na hapo ndipo alipotoa jibu.

"Mbwa huyu hataki nyama nyingi," aliwaambia. "Anataka mtu. Ameumbwa kwa kazi. Usipompa kazi atajitafutia mwenyewe, na hutaipenda kazi atakayoipata."

Wakili mmoja mwenye uwanja mpana kama wa shule alinyimwa, kwa sababu alasiri nzima hakupita mtu uani isipokuwa mtunza bustani. Mzee alimwambia waziwazi kwamba hatafuti mbwa, anatafuta kengele, na kengele zinauzwa madukani. Wakili alikasirika, akaenda kusema mjini kwamba yule mzee amekaa na wanyama mpaka amesahau kuongea na watu. Lakini muuguzi mmoja aliyepanga vyumba viwili tu alipewa jike zuri, kwa sababu alikwenda kazini kwa miguu, na baba yake alikuwa mtu wa kushinda nyumbani akitafuta wa kuzungumza naye. Jike lile lilizeeka na baba yule, wote wawili wakanenepa.

Mke wa mzee, ambaye alikuwa mshonaji na alikuwa na cherehani barazani, alimtania kwa kanuni hiyo. Alisema laiti mumewe angekuja kuketi kwao alasiri moja kabla ya kuposa, akamwona mama mkwe wake anavyogombana na sufuria, angeoa kwingine. Mzee alicheka. Kicheko hicho kilikuwepo nyumbani kwao siku zile.

Mbwa aliowabakisha kwa ajili yake mwenyewe aliwafundisha jambo ambalo hakuwafundisha wa kutoa. Aliliita kazi ya fimbo. Mbwa akiona mtu ameinua fimbo, anairukia fimbo, si mtu, anaidaka kwa meno, anaing'oa mkononi bila kugusa ngozi, kisha anasimama nayo mdomoni mpaka aambiwe "achia." Kazi hiyo alijifunza kwenye kampuni ya ulinzi, ambako mbwa wa kuuma aliwaletea kesi na mbwa wa kunyang'anya aliwaletea sifa. Aliyeijua vizuri kuliko wote alikuwa dume lake kijana, Shaba, mwekundu kifuani. Shaba hakuwa wa kutolewa. Mzee alikuwa amelisema hilo mbele ya watu.

Mzee alikuwa na ndugu mmoja, mdogo wake, mwenye duka kubwa la vipuri vya magari. Baba yao alipofariki, ndiye mzee aliyemlea mdogo huyu na kumsomesha kwa mshahara wa kushika mbwa. Mdogo akafanikiwa, akajenga, akaoa karani wa benki, akamchukua mama yao akae naye penye vyumba vingi. Hakuna mtu aliyemlaumu kwa hayo, wala hapakuwa na sababu ya kumlaumu.

Nyumba ilipokwisha, palifanywa karamu ya kuhamia. Mzee alikwenda na mkewe, amevaa suruali yake iliyopigwa pasi. Wageni walikuwa wameketi kila mahali. Alipolielekea kochi, shemeji yake, yule karani wa benki, alimtangulia, akatandaza shuka juu ya kochi lile, mahali pa mtu mmoja, kisha akamwambia karibu uketi. Mzee alilitazama shuka. Alitazama makochi mengine, hakuna lililokuwa na shuka. Hakuketi. Alisimama karibu na mlango karamu nzima, sahani mkononi, na watu walipomkaribisha kiti alisema mgongo unamuuma. Tangu siku ile hakukanyaga tena nyumba ya mdogo wake. Mama ndiye aliyeletwa kwake kwa gari, mara kwa mara siku za mapumziko, na mzee aliwaeleza watu kwamba yeye ni mtu wa kazi, hana nafasi ya kutembea.

Hakumwambia mtu habari za shuka isipokuwa mkewe. Mkewe alijaribu kumwambia kwamba pengine palikuwa na sababu. Mzee alijibu kwamba sababu anaijua, ina miguu minne na manyoya.

Sasa wezi walianza kuzunguka mtaa wa mdogo wake. Walimvunjia jirani wa kushoto, kisha wa kulia. Ndipo mdogo alipokuja mwenyewe nyuma ya nyumba ya kaka yake, na viatu vyake vizuri, akasimama kwenye matope ya mabanda bila kutazama chini. Aliwaangalia mbwa wote, akamnyooshea Shaba kidole.

"Kaka, huyu."

Mzee alimwambia Shaba si wa kutolewa. Mdogo alicheka, akasema anajua, ndiyo maana anamtaka huyo. Akasema hajaja kama mteja, amekuja kama mdogo wake; kwamba tangu aote ndevu hajamwomba kaka yake kitu; kwamba mama mwenyewe analala kwa hofu.

Hebu tulitazame jambo hili bila kumwonea haya mzee. Mdogo wake aliondoka nyumbani alfajiri na kurudi watu wamekula. Shemeji yake hakupenda unyoya mmoja juu ya sakafu yake. Watoto walikuwa shule za bweni. Angekuwa mtu baki, mzee angemwambia kabla ya chai kupoa: mbegu hii si yako, chukua mbwa wa kawaida wa mtaani anayebweka na kulala, au weka taa uani. Alijua hayo yote akiwa amesimama pale pale. Lakini palikuwa na neno jingine moyoni, nalo lilimpendeza: kwamba nyumba ile iliyomtandikia shuka sasa imemjia kwa miguu yake, na kwamba shemeji yake atakaa na harufu ya mbwa wake asubuhi na jioni, apende asipende.

"Mchukue," alisema.

Mdogo alipokwenda kugeuza gari, mke wa mzee aliinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Umekwenda kuketi kwao?"

"Ile ni nyumba ya ndugu yangu. Naijua."

"Unaijua tangu lini? Hujaingia miaka."

"Nikakae wapi?" alisema mzee. "Kwenye shuka?"

Mkewe aliinamisha kichwa akaendelea kushona, na Shaba akapandishwa kwenye gari, akiangalia nyuma mpaka kona. Mzee hakumwambia mdogo wake habari ya kazi ya fimbo. Baadaye alijiambia kwamba alisahau. Hakusahau. Aliona kuieleza ni kujieleza, naye hakutaka kujieleza kwa watu wale.

Miezi ikapita. Kwenye simu mdogo alisema mambo ni mazuri, wezi wamehama mtaa, mbwa ana sauti ya kutikisa mabati. Mama alipoletwa kutembea, mzee alimuuliza kuhusu Shaba, na mama akasema, "Mbwa wako analia sana, mwanangu."

"Anazoea tu, mama. Anatembezwa?"

"Mlinzi ndiye anayemwangalia. Mchana anakaa ndani ya banda lake."

Mtu aliyeshika mbwa maisha yake yote alijua maana ya maneno hayo. Mbegu ile kufungiwa mchana kutwa ni kama fundi kufungwa mikono mbele ya kazi. Angevaa viatu siku ile ile. Badala yake alimmiminia mama chai, akamuuliza habari za majirani. Wala hakuona jambo jingine lililokuwa mbele ya macho yake: kwamba mama aliposhuka garini alishika mkono wa dereva, na kutoka mlangoni mpaka kitini alishika ukuta. Mama alikuwa na fimbo sasa. Kila alipokuja kwa mwanawe mkubwa aliiacha nyumbani, imetundikwa jikoni, kwa sababu hakutaka mwanawe huyu, anayehangaika na wanyama uzeeni, apate la ziada la kumtia wasiwasi. Ule ulikuwa ukaidi wake wa siku zote, na katika familia ile hakuurithi mtu mwingine isipokuwa mzee.

Siku yenyewe ya mkasa mlinzi alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumwona mwanawe aliyelazwa. Mdogo yuko dukani, shemeji yuko benki. Mama alimsikia mbwa akilia kwa njaa, akavumilia, akashindwa. Alichukua bakuli kwa mkono mmoja, fimbo kwa mkono mwingine, akafungua banda. Shaba aliyekuwa amefungiwa tangu jana alitoka kwa kishindo, akimzunguka kwa furaha, akampiga magoti kwa mkia. Mama alihofia kuangushwa. Akainua fimbo kidogo, kama mtu anavyowafukuza kuku, kumwambia arudi nyuma.

Shaba alifanya kazi yake. Alirukia fimbo, akaidaka, akaing'oa. Na kwa kuwa mama aliing'ang'ania fimbo ile, tegemeo lake pekee, alikwenda nayo chini, juu ya saruji, kwa nyonga.

Majirani waliposikia kilio walichungulia juu ya ukuta, wakaona bibi amelala chini na jibwa limesimama juu yake, fimbo mdomoni, halibweki, halisogei. Habari ilipofika dukani ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi: mbwa amemrarua bibi. Walimfungia Shaba bandani kwa kumsukuma na mlango wa bati, wakamkimbiza mama hospitali.

Mzee aliitwa na mdogo wake kwa simu, akafika. Hivyo ndivyo alivyoingia tena nyumba ile. Mdogo alikuwa amerudi kutoka hospitali kumsubiri daktari wa mifugo, aliyeitwa aje na sindano ya kumuua mbwa ikibidi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisema nyonga ya mama imevunjika, madaktari wanazungumza kwa sauti ya chini. Shemeji, bado amevaa sare ya benki, alimsogezea kochi.

"Kaa, shemeji."

Kochi lilikuwa tupu. Mzee alilitazama, na hata siku hiyo, mama yake akiwa juu ya kitanda cha hospitali, maneno yakamponyoka.

"Leo hakuna shuka?"

"Shuka gani?" alisema shemeji.

Aliuliza kama mtu anayeuliza kweli. Mzee alitafuta dharau usoni mwake, akakosa. Mwanamke huyu hakukumbuka. Jambo ambalo yeye alilibeba miaka yote kama jiwe ndani ya kiatu, mwenzake hakuwahi kujua kama lilitokea.

Akaketi. Kochi lilielekea dirishani, na dirisha lilielekea uani. Kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe kimoja cha chai, aliona kila kitu. Aliona banda la bati kwenye jua kali, lisilo na kivuli, mlango wake umetazama ukuta. Aliona rungu la mlinzi limetundikwa juu ya banda, ncha yake imechakaa kwa kugonga bati. Aliona uwanja wote wa saruji usio na alama ya mtu kucheza na mnyama. Na kupitia mlango wa jikoni uliokuwa wazi aliona msumari mdogo ukutani, chini kidogo, mahali ambapo mtu mfupi hutundika kitu anachokichukua kila siku.

"Pale panatundikwa nini?" aliuliza.

"Fimbo ya mama," alisema shemeji. "Tangu mwaka jana hatembei bila fimbo. Hukujua? Mpaka sasa mbwa wako hajaiachia. Yuko nayo mle bandani, anasimama nayo tu. Watu wanaogopa kumsogelea."

Hapo mzee alijua yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na alikuwa mtu pekee ndani ya nyumba ile aliyejua.

Mdogo wake aliacha kutembea huku na huku, akaja kusimama mbele yake.

"Kaka, mimi sijui mbwa. Wewe ndiye unayejua. Mlezi wangu ni wewe, neno lako ndilo nitakalofuata. Huyu mnyama ameharibika, au kuna kitu mimi sikielewi?"

Swali lilikuwa zuri, na liliulizwa kwa heshima. Jibu lilikuwa fupi pia. Angesema: hakuharibika, alifanya nilichomfundisha, na sikuwaambieni, nilimtoa bila kuja kuketi, kwa sababu ya shuka. Shaba angefungwa kamba, akarudi nyuma ya nyumba yake, kwenye matope yake, akaishi. Mzee aliyapanga maneno hayo kinywani. Kisha alimtazama shemeji, akafikiria uso wake utakavyokuwa akisikia kwamba mbwa aliyefundishwa kuwanyang'anya watu fimbo aliletwa kwenye nyumba ya kikongwe mwenye fimbo.

"Ameharibika," alisema.

Mdogo aliinamisha kichwa, akaamini. Daktari wa mifugo alipofika, aliomba mtu wa kumshika mbwa, na hakuna aliyesogea isipokuwa mzee. Aliwaambia wengine wakae ndani. Alifungua banda. Shaba alisimama kwenye kona, miguu ikitetemeka kwa kusimama muda mrefu, fimbo ya mama imekaa sawasawa kati ya meno yake, imelowa mate. Alipomwona mzee mkia ulianza kupiga bati, lakini hakusogea na hakuiachia fimbo. Alikuwa anasubiri neno.

"Achia," alisema mzee.

Shaba aliiweka fimbo mkononi mwake taratibu, kama alivyofundishwa, kisha akaketi na kuinua uso, akingoja kusifiwa. Mzee alimpitisha kamba ya ngozi shingoni. Daktari, aliyekuwa amejiandaa kwa vita, alishangaa, akasema mbwa huyu mbona mtulivu. Mzee akamwambia afanye kazi yake. Alimshika Shaba kichwa mpaka kikawa kizito.

Mama alirudishwa nyumbani baada ya siku nyingi, kwenye kiti cha magurudumu. Mzee sasa alikwenda kumwona kila wiki, akaketi kwenye kochi lile, na shemeji yake akamletea chai. Siku moja walipobaki wawili, mama alimshika mkono.

"Sikutaka kusema mbele ya ndugu yako, ana hasira bado," alisema. "Lakini yule mbwa hakuniuma, mwanangu. Alichukua fimbo tu. Nimelala pale chini akawa ananiangalia, kama anauliza amekosea wapi. Msimwadhibu."

"Nimesikia, mama."

"Yuko kwako?"

Mzee alisema yuko kwake. Ulikuwa uongo wa pili, na uliuma kuliko wa kwanza, maana mama alifurahi.

Mkewe aliambiwa ukweli wote jioni ile. Aliusikiliza, akauliza swali moja tu: kama mdogo wake anajua. Mzee akasema hajui. Mkewe alifunika cherehani, akaingia ndani, na tangu hapo hakumtania tena kwa jambo lolote. Majike yaliyobaki mzee aliwapa watu, kila mmoja baada ya alasiri nzima ya kuketi. Wateja wapya walipokuja kuuliza kama mbegu ile inawafaa, aliwaambia hajui tena, wakamwulize mwingine.

Alasiri moja kwenye kochi la ndugu yake ndiyo aliyokataa kuitoa. Mama yake hakutembea tena. Shaba alikufa akiitwa mbwa mbaya, na mtu pekee aliyeweza kulikana neno hilo ndiye aliyelisema.